Safu ya Saba

Jana nilitandika kolajeni chini ya kila kisima,
isipokuwa safu ya saba. Hiyo ni ya kutuumbua.
Leo nimemimina maziwa ya unga, mepesi,
yazibe palipobaki wazi, bakteria asije akashika plastiki
tukadhani kashika mtu.

Hawa wametolewa kwenye vali ya moyo
wa dereva wa lori, mtu wa Sohar.
Saa moja, joto la mwili, bila kutikisa.
Kisha kuosha, mara tatu:
ukikaza mkono unang'oa wenyeji,
ukilegeza unahesabu wapita njia.
"Kama unamnawisha mtoto macho," husema Bi Thuraya.

Zambarau. Osha tena. Mashine isome.
Safu ya tatu imekolea kama kidole cha mpiga kura.
Ya saba nayo imekolea.
Huyu kashika nini, na pale hapana kitu?

Mke wa dereva alinikuta koridoni, hapa Al Khoudh,
akasikia lafudhi yangu, akauacha Uarabu wake:
"Mwanangu, wanabanduka hao?"

Kalamu nyekundu: mkono mlegevu, au maziwa machache.
Nachukua sahani mpya.
Nilimjibu, tunapima.