Mkono wa Kushoto

Miaka thelathini na moja nimeulalia mkono huu.
Tangu Konde, juu ya samadari ya mama yake:
mto wa sufi ulikuwepo, foronya imetariziwa maua,
lakini mto wangu ulikuwa mkono wa Shaame,
unanuka grisi na katani,
mkono wa fundi bomba.

Sasa umepigwa marufuku.
Usivishwe saa. Usibebe ndoo.
Usipimwe presha hapa, usitolewe damu hapa.
Na usilaliwe.
Neno hilo la mwisho nesi Zuwena alilisema akinitazama mimi.

Tumepanga chumba Jang'ombe, karibu na mashine.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
masaa manne damu yake inatoka, inasafishwa, inarudi.

Mara ya kwanza walimuunga kwenye kifundo cha mkono,
mshipa utokao moyoni na mshipa urudio.
Yeye akanifafanulia kwa lugha ya kazi yake:
"Wamenitia tii, Mize, presha ihamie huku,
bomba dogo lijifunze ukubwa."
Wiki sita akaminya mpira wa watoto.
Ukaanza kuvuma.
Si kudunda, moyo ndio unaodunda.
Huu ulivuma kama jokofu la jirani
ukilisikia nyuma ya ukuta.

Usiku mmoja umeme ulikatika,
na usingizi ukanirudisha Konde.
Adhana iliponiamsha
kichwa changu kilikuwa pale pale pa zamani.
Na jokofu limezima.

Niliweka sikio, nikalisogeza, nikaliweka tena,
kama mtu anayetafuta stesheni.

Hospitali walimpaka mafuta ya baridi, wakampiga picha.
Daktari akatuonyesha michirizi myeupe kwenye kuta za mshipa.
"Chokaa," alisema. "Figo zikichoka, haijui pa kukaa.
Inaacha mifupa, inajenga kwenye mishipa.
Huu ulikakamaa zamani, kabla hatujaugusa."

Shaame akacheka, peke yake.
Wete nzima ameng'oa mabomba ya chuma,
akiyapasua kwa msumeno mbele ya wenye nyumba:
tundu la kupita kidole
limebaki la kupita njiti ya kibiriti.
"Maji ya mawe haya," akiwaambia,
"hayana haraka."

Nilimvuta nesi pembeni, ukumbini.
Je, uzito wa kichwa?
Akakunja glavu zake, akasema:
huenda kilichangia, mama, huenda hapana.
Huenda.
Ndilo nililolala nalo mwezi mzima, sakafuni, juu ya mkeka.

Ng'onda tumemwaga, na soda nyeusi.
Muhogo nauchemsha, namwaga maji, nauchemsha tena,
mpaka unabaki na jina tu.
Vidonge vyake anavitafuna katikati ya tonge,
vinasagika kama changarawe, na mimi nakaza meno.

Wa pili wameutengeneza juu, kiwikoni.
Umenenepa, umejipinda chini ya ngozi kama kamba ya kufungia ng'ombe.
Watoto wa mwenye nyumba wanapanga foleni kuugusa.
Mmoja alikimbia kumwambia mama yake:
"Babu ana simu mkononi, kaiweka mtetemo!"

Jana usiku Shaame aligonga ubao wa kitanda.
"Mize. Sakafu ina baridi."
Amehamia upande wangu, mimi nikapanda upande wake,
akaninyooshea mkono wa kulia.
"Huu hauna kazi."

Si sawasawa.
Mfupa wake uko pengine, haujui shingo yangu,
na unanuka sabuni.
Nilivuka kifua chake, nikaweka vidole viwili kiwikoni,
nikahesabu mpaka kumi, nikarudia.
Unavuma.
Yeye alijifanya amelala.