Pini Begani

Makumbusho ya Sighnaghi hufungwa saa kumi na moja.
Hadi hapo Zurab amekwisha waeleza wageni mara sita:
huyu ni bibi arusi, umri miaka kumi na sita,
tazameni macho alivyoyainamisha, ni haya ya mwari;
komamanga mkononi ni uzazi, mshumaa ni imani.
Wageni wanaitikia, wanahamia chumba cha majambia.

Mimi hubaki na ndoo yangu.
Nilishona miaka thelathini kabla magoti hayajanisaliti,
kwa hiyo usoni huishia.
Huanzia kwenye mshono.

Gauni si lake.
Liangalie bega la kushoto: kitambaa kimekunjwa kwa ndani
kikabanwa kwa pini, na kichwa cha pini
ni nukta nyeupe, ndogo kama yai la chawa.
Mchoraji angeweza kuiacha. Nani angemdai?
Mkanda umezungushwa kiunoni mara mbili.
Mikono ya gauni imemeza vidole hadi vifundoni,
na juu ya pindo kuna mstari hafifu wa uzi uliofumuliwa,
pale ulipokomea urefu wa mtu mwingine.
Nguo ya kuazima haisitiri.
Hii imebanwa ijaribu.

Mimi namwita Babale. Kibao hakina jina lake,
kinamtaja baba, muuza divai, na upana wa fremu.
Alikuwapo dada, nadhani, mrefu, mwenye mabega.
Akafa, au akatoroka, zikiwa zimebaki siku chache
na mitungi ya divai imekwisha fukuliwa ardhini,
na divai ikishafunguliwa haingoji msiba wa mtu.
Wakamvuta mdogo kutoka jikoni, wakamvika.
Sasa rudi kwenye macho.
Hayakuinama kwa haya.
Yanaitazama pini.
Anaogopa kushusha pumzi.

Labda nimekosea. Labda muuza divai alifilisika,
gauni likakodiwa, basi.
Nilimwambia Zurab akacheka hadi akakohoa:
“Shangazi Mzevinar, kwako dunia nzima ni sindano.”

Kesho yake nilikuwa ngazini, napiga deki,
nikamsikia akiwaambia Wajerumani: komamanga, uzazi,
mshumaa, imani,
halafu kimya.
Nikachungulia. Alikuwa ameinama, pua karibu iguse turubai,
kama mtu aliyeangusha kitu chembamba
chumbani mwa watoto.