Taarifa kwa Fundi Singano

Fundi, ulisema nikirudi nikueleze.
Sijarudi, lakini nina penseli
na usingizi umenipaa. Basi sikiliza.

Chuma chako kimeshika.
Ile reli uliyotuchomea nyuma ya gari,
barabara ya kumi na nne, siku umeme ulipokatika mara tatu
nawe ukakaa juu ya ndoo ukila muhogo,
haijatikisika.
Kilichotikisika ni mimi.

Unajua tulivyobishana.
Mimi nilitaka gari tu: kitanda, jiko la gesi, pazia la kitenge,
nilale nitakapochokea, kama konokono.
Mashavu akasema, konokono ameona nini?
Miaka ishirini na sita kapanda pikipiki ya zahanati,
Magoroto huko, matope mpaka magotini,
kisanduku cha chanjo nyuma yake.
Walipoistaafisha na yeye akastaafu,
akaifuata mnadani akainunua.
Anasema ukiingia kijijini na gari watu wanakutazama,
ukiingia na pikipiki wanakuamkia.

Kilo mia na kumi na nane, fundi.
Tulipofika Tongoni matako ya gari yamekaa chini
kama kuku anayetafuta pa kutagia,
taa za mbele zinamulika vilele vya minazi,
usukani mwepesi hata naogopa kuushika.
Kigombe tukasimama. Madumu ya maji mbele,
gunia la mkaa mbele, mchele mbele.
Nikamwambia, labda na wewe usogee.
Hakucheka.

Pangani, kivukoni, kijana wa tiketi
alilizunguka gari mara mbili, akakuna kisogo:
hii nyuma ni chombo au ni mzigo?
Haijagusa ardhi, nikasema, imebebwa.
Mama mmoja mwenye kapu akadakia:
mtoto wa mgongoni halipi nauli!
Mwenye mbuzi akakataa katakata,
yeye mbuzi wake hata akimbeba kichwani hulipia.
Foleni nzima ikawa mahakama.
Mashavu ndiye aliyetoa hukumu. Akafungua mikanda minne,
akaiteremsha kwenye ule ubao wako, akapiga kiki,
akalipa, akaingia nayo,
akavuka mto mzima amekaa juu yake, kofia kichwani,
hakunitazama.

Sasa yaliyo baada ya Mwera.
Nilikata kona kutafuta pwani, mchanga ukanimeza.
Nilichimba kwa sufuria ya ubwabwa, fundi,
gurudumu likazidi kuzama, na sufuria ndiyo hiyo imetoboka.
Mashavu akafunga kilemba, akaniambia:
kaa na nyumba yako.
Akaondoka.

Mlio ukapita katikati ya mkonge,
ukawa mwembamba, ukawa uzi,
nikawa sijui kama nausikia au naukumbuka.
Na hapo ndipo.
Miaka ishirini na sita mlio ule ulianzia uani kwangu alfajiri,
nami nikavuta shuka, nikageukia ukutani.
Sikuwahi kuusikiliza hadi mwisho wake.
Sikuwahi kutoka nje nikaona anavyokwenda.

Saa mbili na nusu.
Kisha vumbi, na katika vumbi yeye, mwekundu mpaka nyusi,
na nyuma yake trekta la shambani likikohoa.
Dereva alitaka elfu thelathini na wali uliobaki.
Tukampa vyote, tukalala na njaa,
na Mashavu usingizini ananguruma kama injini.

Kwa hiyo fundi, mambo mawili.
Ubao wa kupandishia umepinda katikati, uutazame.
La pili, pale nyuma ya pikipiki
vikanyagio vya abiria havipo, vilikatika zamani,
mwenyewe anasema hakuvihitaji,
chanjo haina miguu.
Nichomee viwili.
Vipimo utavichukua kwangu.