Ankara Namba 41

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi ya kwanza tu nilimpa neno la siri la waifai,
akainama mezani, akaanza kulima.

Chumba ni cha mwanangu Krasimir,
anayeendesha lori huko Dortmund.
Bango la timu yake bado liko ukutani,
na chini yake, tangu Novemba, amekaa Aingeru wa Bilbao,
soksi mbili mbili, hedifoni masikioni,
akisafisha sauti za watu asiowajua.

Hiyo ndiyo kazi, aliniambia,
kwa Kibulgaria chake cha kuombea mikono msaada.
Mwanamke wa Toronto anahojiwa kuhusu nyuki;
Aingeru anamtoa pumzi, anamtoa mate,
anaitoa friji iliyonguruma nyuma yake,
anabakiza maneno tu, makavu kama shuka kambani.
Hulipwa kwa dakika. Dakika ya sauti, si ya jasho.

Nimepangisha wengi tangu Lazar afariki.
Alikuwepo aliyetunza hesabu za duka la maua
katika mji ambao hakuwahi kuunusa.
Walikuwepo wawili, mume na mke, wakifundisha watoto wa Seoul kusoma,
wakiamka saa tisa usiku na kuimba alfabeti kwa kunong'ona
wasije wakaniamsha. Niliamka.
Na yule Mdenmaki wa kujaribu michezo ya kompyuta,
aliyekufa mara mia nne kwa siku
kisha akashuka kuniomba chumvi.

Wote huniambia: tuko huru, hatuna bosi.
Mimi naona wanavyoitazama simu.
Bosi mmoja ukimfukuza mlangoni
wanarudi kumi na wawili kupitia dirishani,
kila mmoja na saa yake ya kulala.

Februari kodi haikuja.
Aingeru alisimama ngazini kama aliyevunja sahani.
Mteja kimya, alisema. Ankara ya thelathini na nane, kimya.
Ya thelathini na tisa, kimya.
Theluji ilikuwa imefika kwenye kitasa.
Nikamwambia kuni hazijui ankara, shuka ule.
Akala maharage bakuli tatu.

Nikatafuta kopo la biskuti. Ndani mna kaseti,
moja tu: Lazar, mwaka ule Krasimir alipokuwa jeshini,
maana kalamu ilimshinda Lazar tangu shule,
barua zake alizisema.
Aingeru akaishika kwa vidole viwili, kama yai.
Siku nne alihangaika na mashine ya kuazima kwa fundi Metodi.

Ya tano akanivika hedifoni.
Lazar! Karibu hivyo, ndani ya sikio,
akimwambia mwanawe avae fulana ya sufu,
ng'ombe amezaa, mama yako ananuna bure.
Sauti safi. Safi mno.
Kama mtu anayezungumza ndani ya sanduku jipya.
Nikauliza: kikohozi chake kiko wapi?
Na jiko? Na mimi, nikigonga sufuria kule nyuma, niko wapi?

Akaniangalia. Akasema, hiyo ni kelele.
Wateja wote hulipa itolewe.
Nikasema: mwanangu, hiyo ndiyo nyumba.

Aliketi hadi alfajiri akirudisha kila alichofuta.
Kikohozi. Kuni. Mbwa wa jirani, aliyekufa zamani.
Mlango wetu kabla haujatiwa mafuta.
Na mimi, miaka arobaini, nagonga, nagonga.

Machi mteja alilipa, nusu.
Aingeru amehamia Tbilisi, bei za huko afadhali.
Chini ya mlango ameacha karatasi iliyochapwa vizuri,
ankara namba arobaini na moja:
kurudisha kelele, dakika kumi na saba.
Penye jumla ameandika: maharage.

Krasimir nilimtumia ile sauti. Hakujibu.
Juzi akapiga simu, ameegesha lori kwenye mvua,
hakusema kitu kwa muda,
nami nikasikia waipa zikienda na kurudi,
wala sikutamani mtu azitoe.