Kreti la Kumi na Tatu

Kamati ilinikabidhi daftari kwa kuwa mimi, shangazi mtu, sinywi,
na asiyekunywa, alisema mwenyekiti Fridolini,
hana haraka na chupa.
Basi nikakaa barazani, Ndanda, mwezi wa Novemba,
harufu ya mabibo imeingia hadi kwenye mashuka,
nikaanza kuhesabu koo za watu.

Wageni mia mbili na arobaini.
Toa Waislamu wa upande wa bwana harusi: soda.
Ila Hashimu fundi bomba, mbili, kwenye kikombe cha chai.
Toa watoto. Toa masista.
Padri usimtoe.
Wazee wa Newala hawataki chupa, wawekewe uraka ndoo mbili,
hao hawana gharama ila ya kuwarudisha kwao.
Wanakwaya wanasema hawanywi: andika mbilimbili.
Mjomba Gallusi anasema yeye ni moja tu.
Moja ya Gallusi naijua. Sita.

Jina baada ya jina,
kalamu ikienda kama cherehani,
na chini ya Gallusi mkono haukuniuliza:
Otmari, tatu.

Kaka yangu tulimzika Machi.
Tatu ndizo zake, iwe harusi, iwe matanga:
ya kwanza ya kiu, ya pili ya maneno,
ya tatu anaishika tu mpaka inapata moto.

Raba ilikuwepo. Sikufuta.
Jumla ikaja mia tatu na tatu.

Kwa Chitanda wa duka la jumla, Masasi,
kreti ni chupa ishirini na tano;
makreti kumi na mawili, mia tatu kamili.
"Hizo tatu zipunguze, mama. Nani atakosa?"
Nikamwambia lete kumi na matatu.
Pesa ya mnada wa pili ilikuwa haijaingia,
korosho zetu ziko ghalani, sisi tuko mlangoni.
Nikalipa nusu kwa michango, nusu kwa neno langu,
na dhamana ya chupa tupu
kwa zile nilizoziweka za bati la jikoni.

Usiku wenyewe, makreti kumi na mawili yaliisha kabla ya keki.
"Aliyepiga hesabu hii kapigia ubatizo!" mtu akapaza sauti.
Fridolini akazunguka nyuma ya ukumbi wa parokia,
akanikuta nimekalia la kumi na tatu
kama kuku aliyeatamia.
"Hilo la nani?"
Daftari halikuwa na safu ya jibu hilo.

Akaja wifi yangu, Editruda.
Miaka ishirini na sita ya ndoa hajaonja,
akigombana na mumewe mlangoni usiku,
na mimi, siku zote, upande wa kaka.
Akalichukua daftari mapajani mwangu,
akasoma kwa mwanga wa makaa, kidole kikishuka,
kikashuka, kikasimama.

Hakusema. Alinipungia mkono nisogee.
Akafungua kwa ukingo wa meza,
kama mtu aliyetazama ikifunguliwa mara nyingi.
"Chungu," akasema. "Hiki ndicho kilichokuwa kinamchelewesha?"
Akanywa yote.
Kwenye ya pili akanisimulia jambo ambalo siliandiki.
Ya tatu akaishika.

Zile ishirini na mbili vijana walizibeba mikononi,
zikapotea kama mvua kwenye mchanga,
na keki ikakatwa, na hakuna aliyenishukuru.

Jumatatu Chitanda akahesabu tupu zake mara mbili:
mia tatu ishirini na nne.
"Moja, mama."
Nikamlipa shilingi mia tano ya ile moja,
nikaandika mbele yake, kwa wino: imevunjika.

Iko kwa wifi, juu ya kabati la vyombo,
nusu yake ingali imejaa.
Mnada wa tatu ni Ijumaa. Deni la Chitanda, laki mbili na sabini.
Bati litasubiri.