Kura za Mwezi wa Salfa

Fainali waliiweka Agosti.
Hapo ndipo tulipokwama.
Agosti Newala hakuna mwenye hela:
mikorosho iko kwenye maua, salfa tumeikopa,
mashine za kupulizia zinanguruma ndani ya ukungu
na sisi tunarudi majumbani nyusi za njano.

Na huko Dar, chini ya taa za buluu,
Somoe Chilindima, namba saba,
binti wa mpima mizani wa chama cha msingi,
amesimama na gauni la kuazima,
anaimba.

Tuma neno KURA, acha nafasi, andika saba.
Kura moja shilingi mia tatu.

Mimi nina kibanda pale stendi.
Naingiza nyimbo kwenye simu, kumi kwa buku,
na kila wimbo unaoombwa nauandika kwenye daftari.
Usiku ule niliuza vocha mpaka zikaisha,
nyingi kwa mkopo; wengine nawadai hadi leo.
Chipojola akaenda kuuza kangomba
korosho ambazo hata hazijafunga tunda,
bakuli kwa bakuli, kwa maneno tu,
kwa yule bwana wa pikipiki nyekundu,
apate kura mia na ishirini.
Mkewe hakumsemesha hadi mvua za kwanza.

Jaji wa katikati, mwenye fremu za miwani zisizo na vioo,
alisikiliza dakika moja na nusu
akainua kiganja:
"Asante. Inatosha."
Kisha akauliza kama hana kitu cha kuchangamka.

Tukawa wa tatu.
Alishinda kijana wa mjini,
kule ambako mshahara huingia kila mwezi,
hata Agosti.

Wimbo wake ukapanda redioni namba moja,
ukakaa hapo wiki sita kama mgeni asiyeaga.
Sina kinyongo. Niliuingiza kwenye simu mia mbili na nne,
daftari shahidi.
Wiki ya saba, simu tatu.
Ya nane, mtu mmoja,
naye alitaka mlio wa kuamkia.

Oktoba mnada ukafunguliwa.
Malipo yakaingia, watu wakaja kibandani
na noti mpya zinazogandana.
"Nipe ule wa Somoe."
Upi? Hajarekodi.
Baba yake aliniletea karatasi nimsomee:
miaka mitatu haruhusiwi kuimba kokote
bila idhini yao, nao hawamwiti.
Nilisoma mara mbili.
Nikaliona lile bakuli la bwana wa pikipiki.
Walimnunua angali ua.

Nilichokuwa nacho ni kile nilichonasa mwenyewe
kwa kuinua simu mbele ya runinga ya mgahawa:
sauti yake, vijiko, mtu anaagiza chapati,
na jaji.
Nikamkata jaji kwa kompyuta, nikajiona fundi.
Kesho yake wateja wakarudi wamenuna:
"Mbona umetupa nusu? Wimbo haujaisha."
Nikamrudisha.

Sasa nenda bombani asubuhi, kwenye foleni ya ndoo.
Watoto wanauimba wote, vijiko wanavigonga kwa mawe,
na wakifika pale
wanainua viganja kwa pamoja,
"Asante! Inatosha!"
wanacheka, wanaanza upya.

Jumanne alikuja mwenyewe, anatoka ghalani,
vumbi la magunia kwenye ushungi,
kalamu ya mizani bado sikioni.
Akanisogezea simu yake, kioo kimepasuka.
"Niwekee ule."
Nikamuuliza, nikiogopa: nimtoe jaji?
Akafikiri.
"Muache. Ila watoto wanamkosea,
ile 'inatosha' inashuka chini zaidi."
Akanionyesha, taratibu, mara moja tu,
asisikike na mwenye idhini.

Hela nikaikataa.
Lakini hakuondoka. Aliegemea dirisha,
akanyoosha kidole kwenye daftari,
akasubiri mpaka nimeandika:
mia nne na tisa.