Mwanagenzi

Jumapili, Punta Arenas. Upepo unapiga
vioo nilivyovitia mwenyewe, havitikisiki.
Miaka thelathini na nane nawatilia watu madirisha.

Haya ya kwenye skrini yamepoteza fremu.
Yamekaa uchi, hayasogei, hayafungiki,
pa kushika hakuna.
Jana nilikubali masasisho. Moshi haukutoka, wala mlio.

Mfumo huu huria, alisema Yanira wa duka la misumari,
hauna bei wala mwenyewe:
ukiharibika, ni wako.
Nilicheka.

Nikazima, nikawasha. Nikazima tena.
Mwanagenzi angefanya hivyo karakanani, ningemfukuza.
Leo mwanagenzi ni mimi.

Mwisho nikabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja
kama alivyoniandikia nyuma ya risiti,
na skrini ikawa giza, kistari cheupe kikipepesa:
jina? nenosiri?
Nikajibu kwa kidole kimoja, miwani puani,
nikakosea mara mbili.

Kumbe humu ndani mna makabati ya siri,
majina yake yanaanza na nukta.
Yanira kaandika: futa. Sikufuta.
Ubao usioujua huukati, unauweka kando.
Kabati la mipangilio nikalibatiza *la-zamani*,
nikawasha.

Fremu hizo! Kila dirisha na kona zake nne,
nikalivuta huku, nikalivuta kule, kama mtoto.

Ila picha ya Rosalba, iliyokaa nyuma ya yote,
haipo. Wamepaweka mlima nisioujua.

Chai imepoa. Nafungua *la-zamani*,
folda moja moja, polepole,
namtafuta.